Supamaketi imehama, mimi nibaki kwenye moli ama niondoke?

Dada mmoja wa Mombasa ameniandikia, nafupisha. Ana duka la nguo na viatu vya watoto ghorofa ya kwanza ya moli moja, jina tuliache, futi mraba 400, alisaini mkataba wa miaka 6 na bado miaka 2 na miezi kidogo. Supamaketi iliyokuwa chini ilifunga miezi 8 iliyopita. Mauzo yake yameshuka kutoka kama 500,000 kwa mwezi hadi 180,000, ngazi za umeme zimezimwa, na meneja kila mwezi anamwambia "kuna mwengine anakuja, vumilia kidogo". Anauliza asubiri, ahamie town, ama afunge duka auze kwa simu tu. Halafu mwisho kabisa akaandika swali ambalo ndo limenifanya nijibu kwa urefu huu: "hivi hizi moli zetu zina kesho kweli?"

Dada yangu, kwanza pole. Na nikwambie mapema kabisa, shida yako si nguo zako wala si mdomo wako kwa wateja, manake najua watu wa biashara wakiona mauzo yanashuka kitu cha kwanza wanajilaumu wenyewe, wanaongeza mali, wanakopa wapake duka rangi upya, na zile pesa zinazama mahali ambapo mtu hapiti. Mimi nimefanya kazi ya kupangisha na kusimamia majengo ya biashara miaka 19, Nairobi na hapa Mombasa, na nimekaa kwenye zile meza ambazo kodi ya duka kama lako inapangwa kabla jengo halijasimama hata nguzo moja. Kwa hivyo wacha nikueleze hesabu ilivyokuwa upande wa pili wa meza.

Mwenye ardhi akitaka kujenga moli anakwenda benki, na swali la benki huwa ni moja, umepata supamaketi gani? Akiwa na barua ya supamaketi kubwa mkopo unatembea, akikosa anarudi nyumbani. Supamaketi nayo inajua nguvu yake, inachukua nafasi kubwa mno, wakati mwengine theluthi ya jengo ama zaidi, na kwa kila futi inalipa kidogo sana. Wewe wa futi 400 ndo unalipa mara mbili, mara tatu ya kile inacholipa yeye kwa futi hiyo hiyo. Mwanzo hakuna aliyelalamika kwa sababu ulikuwa unanunua watu wake. Mama amekuja kwa unga na mafuta, anapanda juu na mtoto, mtoto anaona kiatu chenye taa, basi. Kodi yako ilikuwa bei ya wale wapitao. Sasa wapitao hawapo na bei imebaki vile vile, manake mkataba wako umeandika futi wakati wewe ulichokuwa unalipia ni watu, na hapo ndo kila kitu kilipokosewa, si kwako tu, karibu kila mahali.

Na supamaketi zenyewe zimeanguka kama embe za upepo. Nakumatt enzi zake ilikuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, ilikuwa inachukua mali kwa wasambazaji, inachelewa kuwalipa, huku inafungua matawi mapya, mpaka 2018 ikawekwa chini ya msimamizi na Januari 2020 wanaoidai wakapiga kura ivunjwe, madeni yamepita shilingi bilioni 30. Uchumi, ambayo ni ya tangu 1975, ilifunga mara ya kwanza 2006, ikafufuliwa, 2015 ikatoka Uganda na Tanzania, na huku kwetu ikaendelea kunyauka. Tuskys nayo ikaja ikafa, matawi zaidi ya 60. Tukasema wageni watatuokoa. Choppies ya Botswana ikaja ikaondoka. Shoprite ilifungua duka lake la kwanza Kenya pale moli ya Westgate, Nairobi, Desemba 2018, na kufika 2020 ikatangaza inatoka. Game, lile duka kubwa la Afrika Kusini, ikaondoka 2022. City Mall pale Nyali imepitia Nakumatt, ikaja Shoprite, ikaja Carrefour, sakafu ni ile ile. Sasa fikiria mwenye duka dogo aliyekuwepo muda wote huo, kila supamaketi ikifunga yeye anakaa miezi ya giza na kodi inaendelea kuhesabiwa.

Lakini sikiliza hapa vizuri. Supamaketi kuondoka si lazima kuue moli. Mlimani City ya Dar es Salaam ilifunguliwa 2006, ikawa na Shoprite, 2014 Shoprite ikaiachia Nakumatt, Nakumatt nayo ikafa, na moli ikaendelea kujaa watu. Kwa sababu chuo kikuu kiko hapo hapo, kuna mabenki, kuna ukumbi wa mikutano, mtu anapita hata kama hana haja ya mkate. Kwa hivyo swali la kwanza la kujiuliza si supamaketi gani inakuja. Jiulize, ukiondoa supamaketi, mtu anakuja jengo hili kufanya nini siku ya Jumanne? Kama unaweza kutaja vitu vitatu, kaa tuongee. Kama unataja kimoja na chenyewe ni mashine ya kutolea pesa, ushapata jibu.

Kwa nini tumefika hapa, wengi wanasema ni intaneti. Mimi sikubali. Hayo ni ya Marekani, na hata huko si intaneti peke yake. Wao moli ya kwanza iliyofunikwa juu, Southdale kule Minnesota, ilifunguliwa 1956, wakajenga na kujenga mpaka zikazidi watu, halafu yale maduka makubwa yaliyozibeba yakaanza kufilisika, Sears 2018, JCPenney 2020, ndo unaona zile picha za majengo matupu yameota nyasi. Huku kwetu hata hao wa kuuza mtandaoni wamehangaika, Jumia ilifunga Tanzania 2019, Copia hapa Kenya iliwekwa chini ya wasimamizi 2024. Kama intaneti ndo iliyoua moli basi mbona yenyewe haikunenepa?

Kilichoua ni kwamba tulijenga nyingi kwa pamoja tukimfikiria mteja mmoja. Angalia Nairobi peke yake, Thika Road Mall 2013, Garden City 2015, The Hub Karen 2016, Two Rivers 2017. Miaka minne. Zote zinamtaka yule yule mwenye gari, mwenye mshahara, anayetoka Jumamosi na familia. Ndo maana parking ni kubwa kuliko soko na matatu inashusha watu mbali wavuke barabara kwa miguu. Hapa Mombasa mtu wa Kisauni ama Bombolulu akishuka soko la Kongowea amepata mboga, amepata mitumba, amepata fundi wa simu, hajalipa hata shilingi ya kuegesha. Nilikuwa kwenye vikao ambavyo tulisema yule ni mteja wa chini, hatumhesabu. Tulikosea, na waliolipia lile kosa ni watu kama wewe, jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa nenda Eastleigh kule Nairobi uone moli zilizojaa mpaka huwezi kugeuka. Hadithi yake inajulikana, mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wasomali waliokimbia vita wakawa wanalala lojingi moja inaitwa Garissa Lodge, wakaanza kuuza vitu vyumbani humo humo, mchana kitanda kinageuka meza ya duka, mpaka lojingi ikabadilishwa ikawa jengo la biashara, na mengine yakafuata, Amal Plaza, na mpaka haya makubwa ya sasa kama BBS. Kule wafanyabiashara walitangulia, jengo likawafuata. Duka ni dogo kama kabati, mali ni ya jumla na rejareja pamoja, mteja anatoka Kampala, anatoka Congo, anatoka Arusha, na bei unaongea. Biashara Street yetu hapa ni hivyo hivyo, ile mitaa ya leso haikuchorwa na mtu ofisini, duka la Mali ya Abdulla limeuza leso tangu karne ya 19 na bibi harusi bado anapelekwa pale pale. Lakini hizi moli zetu za kioo jengo lilitangulia, likakaa kuwasubiri wafanyabiashara na wateja waje wajaze. Na hata hizo zikipata sababu ya watu kuja, watu wanakuja, ukumbuke mwanzo wa 2023 China Square ilipofungua pale Unicity karibu na Kenyatta University, watu walikwenda kwa mafuriko kwa sababu ya bei, mpaka wafanyabiashara wa mjini wakaandamana.

Basi tuje kwako. Hesabu ulizonitumia nimezipiga hivi: kodi shilingi 120 kwa futi ni 48,000, sevisi chaji, yaani zile gharama za pamoja za jengo kama walinzi na jenereta, 25 kwa futi ni 10,000, juu ya hiyo VAT asilimia 16 ni 9,280, jumla 67,280 kwa mwezi. Ulipokuwa unauza 500,000 hiyo ilikuwa kama asilimia 13 na nusu ya mauzo. Mimi kwa duka la nguo huwa nawaambia watu mpaka 15 mtu anapumua. Sasa hivi kwa 180,000 ni asilimia 37. Kwa faida ya nguo za watoto, ukitoa na mshahara wa msichana anayekusaidia dukani, unalipa moli kutoka mfukoni mwako. Kila mwezi unaosubiri una bei, na bei hiyo unaijua, usiruhusu neno "vumilia" likufanye usiihesabu.

Kuhusu "kuna mwengine anakuja", usimwite meneja mwongo, muombe akuonyeshe. Supamaketi ikisaini kuna tarehe, na ikishasaini kuna mafundi. Supamaketi haiwezi kufungua bila mafundi wa friji na wa umeme kukaa ndani miezi kadhaa, kwa hivyo shuka chini uangalie sakafu. Kama hujaona mtu na tepu anapima, kama hujaona waya mpya unavutwa, basi hata wakisaini leo huyo mtu hafungui kesho kutwa. Waulize na askari wa mlangoni, wale wanajua zaidi ya ofisi, wao ndo wanaona nani amekuja na michoro na wangapi wanaingia kwa siku. Na uulize pia anakuja kuchukua nafasi yote ama kipande. Siku hizi wanakata ile nafasi, upande mmoja supamaketi ndogo, mwengine duka la fanicha, mwengine kanisa. Kanisa ni baraka lakini mtu wa Jumapili asubuhi hapandi kununua viatu.

Kingine, sevisi chaji. Hapa naomba usome mkataba wako neno kwa neno. Kuna mikataba inasema unalipa sehemu yako ukilinganisha na jengo zima, na kuna inayosema ukilinganisha na nafasi zilizopangishwa. Ni maneno machache tu lakini ya pili inamaanisha kila duka likifunga, gharama yake ya walinzi, jenereta na maji inawaangukia mliobaki. Na walinzi si pesa kidogo, tangu lile shambulio la Westgate Septemba 2013 kila moli ina mashine na watu mlangoni na nyinyi ndo mnalipa. Una haki kuomba hesabu ya mwaka ya sevisi chaji. Kama ngazi za umeme zimezimwa miezi mitano na bado unalipia matengenezo yake, hiyo ni hoja yako ya kwanza kwenye barua.

Sasa sheria, kwa ufupi. Umeshangaa kwa nini walikupa miaka 6 na si 5. Ni kwa sababu sheria yetu ya wapangaji wa maduka na mahoteli, Sura ya 301, inamlinda mpangaji ambaye mkataba wake haukuandikwa, ama umeandikwa lakini hauzidi miaka 5, ama una kifungu cha kuvunja ndani ya miaka 5 bila kosa la mtu. Huyo mwenye jengo hawezi kumpandishia kodi ama kumtoa bila notisi maalum isiyopungua miezi miwili, na mpangaji anaweza kwenda kwenye baraza la kodi za maduka. Ndo maana moli zinaandika miaka 5 na miezi 3, ama 6, wakae nje ya hiyo. Kwa hivyo huko pengine huna kinga. Lakini angalia kitu kimoja, je huo mkataba ulisajiliwa kweli ama mpaka leo una ile barua ya ofa tu? Nimeona wengi miaka inapita wanasheria wa moli hawajamaliza kusajili. Kama ni hivyo mpelekee wakili kabla hujafanya lolote, manake msimamo wako unaweza kuwa mzuri kuliko unavyofikiria. Na tafadhali usifunge duka usiku ukaondoka na mali. Kodi ikidaiwa mwenye jengo anaweza kuleta madalali washike vitu vyako, na miezi iliyobaki anaweza kukudai mahakamani.

Ningekuwa wewe ningeandika barua wiki hii, kwa adabu, yenye tarehe, nusu ukurasa. Unawaambia supamaketi ilifunga tarehe fulani, mauzo yamekuwa hivi, unaomba kuanzia mwezi ujao ulipe asilimia 12 ya mauzo badala ya kodi ya futi mpaka siku supamaketi nyengine itakapofungua milango, kwa muda usiozidi miezi sita. Waandikie wewe na wenzako wa ghorofa hiyo pamoja. Usiogope, mwenye jengo mwenye akili anajua duka lenye taa linalolipa kidogo ni bora kuliko shata iliyoshushwa, kwa sababu shata moja inaita ya pili. Wakikubali, kaa hiyo miezi sita na uiangalie. Wakikataa, omba mambo mawili kwa mpango huo: wakuruhusu umpate mtu wa kuchukua mkataba wako, sheria ya ardhi ya 2012 haitaki mwenye jengo anyime ruhusa hiyo bila sababu ya maana, ama mkubaliane utoke na wao wabaki na dipoziti yako ya miezi mitatu na yaishe kwa maandishi. Kupoteza dipoziti kunauma. Lakini piga hesabu ya miaka miwili ya kuziba pengo kila mwezi, halafu uniambie kipi kinauma zaidi.

Kuuza kwa simu tu, hapana, si kwa nguo za watoto. Mama anataka kushika kitambaa, anataka mtoto avae kiatu atembee nacho. Lakini simu ikae pamoja na duka. Una wateja wa miaka karibu minne, namba zao umezipata kwenye malipo ya tili na kwenye WhatsApp. Kabla hujatafuta duka jipya, waulize wanaishi wapi. Ukikuta wengi ni wa Bombolulu na Kisauni, town ya nini? Ukikuta wengi ni wa kisiwani, hapo sawa. Wateja wako ndo ramani yako, usihamie mtaa kwa sababu jirani kahamia.

Ukipata sehemu, simama hapo Jumanne na Jumamosi, saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni, na usihesabu wapitao, hesabu waliobeba mifuko. Wapitao wengi wanakimbilia matatu. Na kwenye kilemba, ile pesa ya kuachiwa duka, uwe mkali. Usitoe kilemba bila kujua mwenye jengo halisi ni nani na bila risiti, manake mara nyingi anayepokea ni mpangaji tu mwenye mkataba uliobaki miezi mitatu, na ukishampa ndo basi. Duka la futi 120 lenye stoo ndogo nyuma linakutosha, nguo za watoto hazitaki ukumbi. Wakati wa kuhama usiwe wiki mbili kabla ya Idi wala kabla ya shule kufunguliwa Januari, hizo ndo nyakati zako za kuvuna na mteja lazima ashajua uko wapi. Hamia angalau miezi miwili kabla ya Ramadhani, ili zile usiku watu wanapotoka tarawehe na kuzunguka madukani wakukute umezoeleka.

Na lile swali lako la mwisho. Moli zina kesho lakini si zote, na zitakazobaki hazitafanana na hizi. Two Rivers sehemu ya majengo yake ya ofisi imefanywa eneo maalum la kiuchumi, wafanyakazi wanaingia kila siku, na mfanyakazi anakula, ananyoa, ananunua zawadi njiani. Dar pale ilipokuwa stendi ya mabasi ya Ubungo pamejengwa kituo cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000, hiyo nayo inafuata mfano wa jumla kuliko wa kioo na popcorn. Nadhani zetu za miji ya pwani zitakazopona ni zile zitakazokubali kliniki, chuo kidogo, ofisi za huduma, vyumba vidogo vya kodi ya wiki, na stendi ya matatu mlangoni hata kama inapunguza parking. Wamiliki wengi hawataki kusikia hili la matatu. Ukiona wako amelikubali, hiyo ni dalili nzuri ya kukufanya ubaki kuliko barua ya supamaketi yoyote.

La mwisho, kabla hujatuma ile barua, tafuta kwenye mkataba kifungu cha kurudisha duka kama lilivyokuwa. Piga picha kuta, dari, sakafu na soketi leo hii kabla hujang'oa rafu hata moja, na kama una picha za siku ulipokabidhiwa ufunguo zitafute kwenye simu ya zamani. Siku ya kutoka atakuja mtu na daftari kuhesabu mashimo ya misumari.